Afisa Wetu

Jina la Bwana Kanuni hakupewa na mama yake. Alipewa na wanachama wa chama cha maziwa, na walikuwa na haki yao. Mtu akimwamkia njiani, yeye anaitikia vizuri tu, halafu hapohapo anauliza kama muhtasari wa kikao cha mwezi uliopita umeshasainiwa. Alikuwa afisa ushirika, mtumishi wa serikali, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha vyama vya wakulima na wafugaji, pamoja na bodi zao za kuchaguliwa, vinakwenda kwa sheria na si kwa ubabe wa mtu. Vyama kumi na vinne, afisa mmoja, na pikipiki moja iliyolala gereji mwaka wa sita sasa ikisubiri kifaa ambacho hata fundi hakuwa na hakika kinaitwaje.

Sasa mtu kama huyo, niambie wewe, anafikaje kwenye vyama kumi na vinne? Anapanda gari la chama, basi! Chama cha maziwa kilikuwa na pikapu nyeupe, nyuma imejaa madumu ya maziwa, mbele kuna kiti cha abiria ambacho Mwenyekiti alikuwa akikifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. "Karibu, afisa wetu," husema, na mlango anaufungua yeye. Na taarifa ikishaandikwa kwa mkono, inachapwa wapi, wakati printa ya ofisi ya serikali iliishiwa wino hata watu wamesahau rangi yake? Inachapwa palepale chamani, kwa karatasi za chama, na mchapaji wa chama. Na mchapaji huyo, ili ucheke vizuri, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe.

Hilo neno "wetu" lilikuwa likimsumbua kama kakokoto ndani ya kiatu. Lakini kakokoto ni kadogo, na alikuwa ametembea nako miaka sita.

Jumatano moja asubuhi, hata madirisha ya ofisi hajamaliza kufungua, akaingia Bibi Ndoo Mbili. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwanachama nambari kumi na saba, aliyeitwa hivyo kwa sababu kila alfajiri hufika kwenye mapokezi ya maziwa na ndoo mbili, moja kichwani na moja mkononi. Hakukosa hata juma alilomzika mumewe.

"Shikamoo, Bibi. Karibu kiti."

"Marahaba. Sikuja kukaa. Soma hapo."

Akatandaza mezani karatasi yenye matundu ya pini kwenye pembe zote nne.

"Bibi, hii si ile ya kwenye ubao wa matangazo?"

"Ndiyo. Nimeibandua. Ukitaka kunishitaki, nishitaki, lakini soma kwanza."

Akasoma. Ilikuwa taarifa yake mwenyewe kwa Mrajisi wa vyama vya ushirika kuhusu mkutano mkuu wa chama. Mstari wa sita ulisema: *Uchaguzi wa bodi ulifanyika kwa kura ya siri, kama masharti ya chama yanavyotaka.* Akasoma mara ya pili.

"Hiki sicho nilichoandika," akasema.

"Saini ya nani?"

"Yangu."

"Muhuri?"

"Wangu."

"Basi, mwanangu, siku ile mimi nilikuwa nimelala? Maana nakumbuka makofi. Kura sizikumbuki."

Makofi yalikuwepo kweli. Siku ya mkutano Bibi Ndoo Mbili alikuwa amejaza fomu kugombea uenyekiti. Ilipofika zamu ya kupiga kura, Mwenyekiti akasimama na tabasamu lake lisilokauka, akasema, jamani, sisi ni familia moja, kura ya siri ya nini, tunafichana nini? Wanaomtaka Mwenyekiti aendelee wapige makofi! Watu wakapiga, wengine wakitazamana nani anapiga na nani hapigi. Haya, wanaomtaka Bibi? Bibi akapiga makofi peke yake, pa, pa, pa, hadi mwisho, wala hakuona haya. Bwana Kanuni akasimama, "Kwa mujibu wa kanuni...", ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akasema, "Mwacheni, afisa wetu ataandika."

Na aliandika. Kwa mkono wake aliandika *haukufanyika*. Karatasi ikarudi *ulifanyika*. Lugha yetu hii nayo! Toa "hauku", tia "uli", umemaliza kazi. Huna haja ya kuvunja sanduku wala kumtisha mtu. Sentensi inabaki imenyooka, imechana nywele, na uongo umekaa ndani yake umekunja nne.

Uchungu ni kwamba mtu huyu huwezi kumdanganya kwa karatasi. Kwenye droo yake alikuwa na rula ya plastiki ambayo huiweka chini ya kila mstari anaposoma mihtasari ya vyama, na aliwahi kukirudishia chama kimoja muhtasari wa kurasa kumi kwa sababu ya nukta. Lakini hizo ni karatasi za wenzake. Za kwake alizitia saini akiwa amesimama, mguu mmoja tayari uko kwenye pikapu, kwa kuwa alijua alichoandika, asome nini? Nyani haoni kundule.

"Wewe unajua kwa nini niligombea," Bibi akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Nilisimama kikaoni nikauliza kwa nini kipimo cha maziwa anakaa nacho Mwenyekiti. Kile cha kioo, kinachoelea. Tangu siku hiyo maziwa yangu yamemwagwa mara tatu. Eti yana maji. Maziwa ya ng'ombe yuleyule, majani yaleyale! Kipimo kikikaa mfukoni mwa mtu, maziwa ya mbaya wake yote yana maji. Bodi hii ikithibitishwa, ni miaka mitatu mingine. Mimi miaka mitatu ya kumwaga maziwa sina."

"Pingamizi mwisho Ijumaa," akasema Bwana Kanuni, akihesabu kwa vidole kana kwamba siku mbili zinahitaji vidole.

"Ndiyo maana sikukaa."

Akafunga ofisi, akaenda chamani kwa miguu, kilomita saba. Safari hii hakuipigia simu pikapu.

Shemeji yake alikuwa kwenye mashine, anachapa barua, vidole vinakimbia.

"Heee, shemeji! Kwa miguu? Dada amekunyang'anya nauli?"

"Rasimu yangu iko wapi? Ile ya mkono."

"Ile? Mwenyekiti aliichukua." Vidole vikasimama. "Alisema umekosea neno moja kwa haraka zako, nilirekebishe, na kwamba wewe mwenyewe utaona ukisoma. Kwani hukuona?"

"Sikusoma."

"Sasa shemeji," akasema taratibu, na utani ulikuwa umemwisha, "mimi nachapa, wewe unasaini. Kati yetu sisi wawili, msomaji ni nani?"

Hapohapo Mwenyekiti akaingia, mikono imetanguliwa na tabasamu. "Afisa wetu! Ungepiga simu nikutumie gari."

"Rasimu yangu, Mwenyekiti. Naitaka."

"Ile karatasi? Wallahi sijui imeishia wapi. Ndugu yangu, ni neno moja! Watu ni walewale, makofi ni yaleyale. Tusumbuane kwa ajili ya neno?"

"Hilo neno ndilo uchaguzi wenyewe."

Mwenyekiti akavuta kiti, akakaa karibu kabisa, akaongea kama anayempa pole mgonjwa. "Sikiliza. Miaka sita tumekubeba, jua na mvua. Tumewahi kukusimanga? Na huyu shemeji yako, tulimchukua kwa kauli yako tu, tangazo la kazi hatukutoa. Hilo nalo limo kwenye kanuni zako?"

Bwana Kanuni akamtazama shemeji yake. Shemeji akatazama mashine. Kumbe muda wote huo alikuwa amekalia kuti kavu, na akiwapa wengine somo la kupanda mnazi.

Nje, chini ya ukuta wa mapokezi ambako sakafu hunuka maziwa yaliyochacha, akampigia simu Mrajisi Msaidizi, bosi wake wa mkoani. Akaeleza yote bila kuruka.

"Una nakala ya hiyo rasimu?"

"Sina."

"Basi kilichopo ni saini yako. Ukitaka niufute uchaguzi, niandikie kwamba ulitia saini taarifa ya serikali bila kuisoma. Lakini uelewe unajiandikia nini."

"Mheshimiwa, ningechapa ofisini kwangu haya yasingetokea. Wino nimeomba mara tisa."

"Usinichanganyie mambo. Wino ni idara nyingine."

Simu ikakatwa. Akabaki ameishika, na kusema kweli alitamani kuitupa kwenye ndoo ya maji ya kuoshea madumu. Miaka sita anaomba pikipiki, hakuna. Anaomba wino, hakuna. Lakini kuomba aandikwe mzembe, hapo serikali ina haraka, ina karatasi, na wino unapatikana!

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo kitandani. Akamweleza. Mkewe akaendelea kukunja, shati baada ya shati, mpaka akamaliza rundo zima.

"Mdogo wangu atafukuzwa," akasema.

"Najua."

"Kwa ajili ya silabi."

"Si silabi, mama watoto. Ni wanachama mia mbili. Ni yule bibi na maziwa yake."

"Na wewe utashushwa cheo. Halafu uchaguzi utarudiwa, na wataleta afisa mwingine, na yeye atapanda pikapu ileile. Umepata nini?"

Hapo Bwana Kanuni akapandisha hasira. "Lakini si wewe uliyeniambia nimwombee kazi pale? Si wewe? Usiku na mchana, 'mdogo wangu, mdogo wangu'!"

"Ndiyo, mimi." Akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Mimi ni dada yake, kazi yangu ni kuomba. Kazi yako wewe ilikuwa kukataa. Siku ile ulipokwenda kumwombea, ulikuwa afisa wa nani?"

Aliumia, kwa sababu ilikuwa kweli. Angetukanwa asingeumia vile.

Alhamisi akakaa ofisini mlango umefungwa, akaandika barua kwa kalamu, na karatasi ya kaboni chini yake ili safari hii nakala ibaki. *Mimi, afisa ushirika, nilitia saini taarifa tajwa bila kuisoma. Uchaguzi haukufanyika kwa kura ya siri. Vilevile natamka kwamba mchapaji wa chama ni shemeji yangu na kwamba niliomba apewe kazi hiyo.* Sentensi ya mwisho hakuna aliyemlazimisha. Akaisoma barua mara tatu kwa rula, mstari kwa mstari, na kila alipofika kwenye "haukufanyika" alilihesabu neno herufi kwa herufi kama mtu aliyewahi kuibiwa kuku. Ijumaa saa tano asubuhi akaifikisha mwenyewe mkoani, akagongewa muhuri wa kupokelewa.

Jumatatu shemeji yake akaambiwa asirudi kazini. Akaja nyumbani na mfuko wenye kikombe chake na kandambili za ofisini, akampita sebuleni bila salamu. Kwa wiki tatu ndani ya nyumba ile, Bwana Kanuni alijibiwa kwa "ehe" na "sijui", na sahani yake ilitua mezani kwa kishindo.

Kisha zikaja barua mbili siku moja. Ya chama ilisema uchaguzi umefutwa na urudiwe mbele ya afisa mwingine. Yake ilisema onyo kali, ameondolewa kusimamia vyama, ahamie masjala kupanga mafaili. Alichoombwa tu ni kufika siku ya uchaguzi kukabidhi faili la chama.

Alifika kwa miguu, mapema, faili kwapani. Wanachama walipomwona wakamzunguka.

"Afisa wetu huyo!"

"Umetupigania, baba! Sasa mnong'oneze huyo mwenzako mpya, awe upande wetu."

"Ehe, safari hii ni zamu yetu, afisa wetu!"

Lo! Hapo yale yote aliyoyameza, pikipiki, wino, sahani za kishindo, yakapanda kwa pamoja. "Mimi si wenu!" akafoka, mate yakimtoka. "Si wa Mwenyekiti, na si wenu! Nikiwa wenu leo, kesho nitakuwa wa mwingine! Hamwelewi? Sitaki kuwa wa mtu!"

Watu wakarudi nyuma. Mmoja akanong'ona kwamba masjala imeshamwingia kichwani. Bibi Ndoo Mbili peke yake hakusogea. Akasema, "Pole, mwanangu. Kunywa maji."

Pikapu nyeupe ikaingia uwanjani. Kutoka kiti cha mbele akateremka afisa mpya, dada wa miaka thelathini hivi, viatu vipya, kibegi cha kompyuta begani, na flashi inaning'inia shingoni kama filimbi ya refa. Mwenyekiti akamtangulia akiwa bado ameshika leso. "Wanachama, huyu ndiye afisa wetu mpya!"

Ila dada yule alijua kazi yake, tusimsingizie. Sanduku lilipinduliwa watu wakaona liko tupu, likafungwa, kila mtu akapiga kura nyuma ya pazia, na kura zikahesabiwa juu ya meza kwa sauti. Mwenyekiti sabini na nne. Bibi mia moja na kumi na mbili. Vigelegele vikapasua bati. Mwenyekiti hakuacha kutabasamu hata hapo. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema, akampa Bibi mkono. Kisha akamgeukia afisa mpya, akasema kwa ile sauti ya kumpa mgonjwa pole, "Twende ndani ukachapiwe taarifa. Mashine iko tayari."

"Hapana!" Bwana Kanuni alishafika mezani, na watu waliogopa ataanza tena. Akatoa kwenye faili karatasi tatu na kaboni mbili, akazipanga, akaweka kalamu juu. "Andika hapa. Kwa mkono. Mbele ya watu."

Dada akamtazama. "Kanuni inataka hivyo, mzee?"

Mtu yule, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akasema, "Sijui. Lakini haikatazi."

Dada akaandika. Alipomaliza akashika kalamu kutia saini, na Bwana Kanuni akamsogezea rula ya plastiki. "Soma kwanza. Kwa sauti. Mstari kwa mstari."

Akasoma, rula ikishuka. Akafika mstari wa sita: "Uchaguzi wa bodi ulifanyika kwa kura ya siri, kama masharti ya chama yanavyotaka."

"Rudia hapo," akasema Bibi Ndoo Mbili.

"Ulifanyika kwa kura ya siri."

"Sawa. Siku ile nililala. Leo niko macho."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na Bwana Kanuni akalazimika kutazama pembeni. Sentensi ilikuwa ileile, nukta kwa nukta, iliyomgharimu kazi na amani ya nyumba yake. Sasa ilikuwa kweli, na chini yake palikuwa na saini ya mtu mwingine. Nakala moja akabaki nayo afisa, moja ikapigwa pini ubaoni, moja akapewa Bibi. Mwenyekiti wa zamani akatoa mfukoni funguo, halafu kile kipimo cha kioo, akavikabidhi vyote bila neno. Bibi akakiinua kipimo kwenye mwanga kila mtu akione, akakitumbukiza kwenye mkoba wake ili kisivunjike.

Jua lilikuwa kali. Afisa mpya akakunja karatasi yake, akaangalia huku na huku.

"Unarudije?" Bwana Kanuni akamuuliza.

"Si kwa gari la chama? Kuna lingine?"

"Ni kilomita saba tu. Mimi natembea."

Dada akavitazama viatu vyake, akacheka kwa adabu, akidhani ni utani. Na kabla Bwana Kanuni hajamjibu, Bibi Ndoo Mbili alishafika kwenye pikapu. Akafungua mlango wa mbele kwa mkono wake. Akashika ncha ya mtandio wake, akainama, akaanza kufuta kiti.

"Panda, mwanangu," akasema kwa upendo mtupu. "Karibu, afisa wetu."

"Bibi!" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka.

Bibi akageuka, mtandio bado mkononi. "Nini tena, Bwana Kanuni?"

Akataka kusema. Alikuwa na miaka sita ya kusema. Lakini yule bibi alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayemkirimu mgeni, na kumkirimu mgeni ni kosa gani?

"Usimfutie kiti," akasema, na akajisikia mjinga.

"Wewe naye! Ni vumbi tu," akajibu Bibi, akamalizia kufuta.